Verna Dreaver, Aliyemsemea Ambaye Hajazaliwa

Mchungaji, majirani, na ninyi nyote mlioendesha magari juu ya barafu ya asubuhi hii kuja kumsindikiza Verna, familia imemwomba mkwe wake asome habari za maisha yake, na mjue tangu mwanzo kwamba marehemu mwenyewe aliyapitia maandishi haya mara mbili kwa penseli akiwa kitandani, akafuta sifa tatu alizosema ni za watu wa mjini, na akatuamuru kurudisha jambo moja ambalo sisi, kwa kumhurumia, tulikuwa tumeliacha.

Marehemu Verna Effie Dreaver alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Juni 1941, hapa Ranfurly, akiwa mtoto wa tatu kati ya wanne wa mzee Magnus Isbister, mchunga kondoo, na mkewe Effie, katika majira ya baridi ambayo theluji ilifunga barabara kwa siku kumi na moja, hata mkunga akaletwa kwa sleji, yaani mkokoteni wa kuburutwa usio na magurudumu, wa kubebea majani makavu, na mzee Magnus alikuwa akisema kwamba binti huyo alikuja duniani akiwa tayari amekunja ngumi, na kwamba hakuzikunjua mpaka alipopewa kitu cha kufanya.

Alianza shule ya msingi Waipiata mwaka 1946, akaimaliza mwaka 1953, kisha akapelekwa bweni huko Oamaru, alikosoma hadi Desemba 1957, akipenda hesabu na biolojia, na asingeacha shule kama baba yake asingeangukiwa na farasi na kuvunjika nyonga, jambo lililomrudisha nyumbani akiwa na umri wa miaka kumi na sita, naye hakulilalamikia, ila aliviweka vitabu vyake vya biolojia juu ya kabati la jikoni, akawa anavisoma huku akikoroga uji.

Mwaka 1959 aliajiriwa na chama cha madaktari wa mifugo cha wilaya hii, kwanza akiosha vyombo vya upasuaji, halafu akishika kondoo, na mwaka 1962 akapelekwa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo karibu na Mosgiel kujifunza uhimilishaji, yaani kuwapandikiza kondoo majike mbegu za madume bora bila dume kuwepo, kazi ambayo wakati huo haikuwa na mwanamke hata mmoja katika bonde hili, na wafugaji wengine waliwaficha wake zao wasije wakamwona, lakini baada ya misimu miwili wafugaji wale wale wakawa wanapiga simu na kusema, “Msituletee yule kijana, tuleteeni Verna, mkono wake hautetemeki.” Alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja, na daftari lake, ambamo kila kondoo aliandikiwa dume lake, siku yake na hali ya hewa, bado linatumika kusuluhisha ubishi.

Tarehe 16 Machi 1963, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Alec Dreaver wa Kyeburn, mtu mpole aliyeongea kwa wiki nzima maneno ambayo Verna aliyaongea kabla ya kifungua kinywa, wakaishi pamoja miaka arobaini na minane hadi Alec alipotangulia mwezi Mei 2011, na katika miaka hiyo yote hatukumbuki wamegombana ila kwa ajili ya mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, ambao Alec alikuwa nahodha wa timu na Verna alikuwa akimwambia mbele za watu, “Baba, jiwe lile umelitupa kama mtu anayemwaga maji machafu.”

Mungu hakuwajalia mtoto wa kuzaa. Walikwenda kwa madaktari Dunedin mara tano kati ya mwaka 1965 na 1969, na Verna, ambaye kwa mikono yake alikuwa ameleta wana-kondoo maelfu, alirudi kila mara mikono mitupu, hata mara ya mwisho Alec akasimamisha gari juu ya mlima wa Pigroot, akamwambia, “Tuache, mama. Tumchukue aliyekwisha kuja,” naye akaitikia kwa kichwa, na tarehe 14 Machi 1970 wakaleta nyumbani mtoto wa siku tisa, wakamwita Neil, ambaye ndiye anayekaa mbele yenu na ndiye mume wa msomaji.

Siku hiyo ofisini, baada ya kutia sahihi karatasi za kumuasili mtoto, Verna alimuuliza yule afisa jina la mwanamke aliyemzaa, na afisa akamjibu bila kuinua macho, “Mama yake ni wewe, bibi,” kisha zikaja karatasi za serikali zinazoonyesha kwamba Verna Dreaver ndiye aliyemzaa Neil, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya wakati ule, kwamba cheti cha zamani kifungiwe na kipya kiandikwe kana kwamba mambo hayakuwahi kuwa vingine. Verna hakumficha Neil neno lolote tangu alipoweza kuuliza, lakini jina hakuwa nalo la kumpa, na mtoto alipokuwa na miaka saba akamuuliza, “Sasa mama, yule mwingine anajua mimi napenda maharage?” Verna akatoka nje kwenda kulisha mbwa waliokwisha kulishwa.

Sheria ilipolegezwa, na Neil alipofikisha miaka ishirini mwezi Machi 1990, waliomba cheti cha kwanza, wakakuta jina la Lorna Mabon wa Invercargill, na walipofika Invercargill wakaambiwa na dada yake kwamba Lorna alifariki tarehe 2 Oktoba 1987, na kwamba kila mwaka tarehe tano Machi alikuwa akipika keki ndogo, asiseme ya nani. Verna alisimama kwenye lango la makaburi akimwachia mwanawe nafasi, mpaka Neil alipomgeukia akasema, “Mama, njoo bwana, hapa pana upepo na sijui la kusema,” akaenda, wakasimama wote wawili, na njia nzima ya kurudi, mwendo wa saa nne, alisema mara moja tu, “Mtu mmoja angeandika jina mahali panapofikika, mwanangu angepata mama wawili.” Neil alipopata binti mwaka 1997, Verna ndiye aliyesema aitwe Lorna, na mjukuu wa pili, Struan, alizaliwa mwaka 2000.

Sasa tunafika kwenye ile kazi yake nyingine, ambayo wengi wenu mliiona kwenye kile kibegi cha kahawia tu, alichobebea mafaili. Mwaka 1994 liliwekwa tangazo gazetini kwamba kamati ya maadili, iliyokuwa ikiamua maombi ya watu wanaotafuta watoto kwa msaada wa madaktari, inatafuta mjumbe asiye daktari wala mwanasheria, mtu wa kawaida, na Verna akalikata tangazo hilo kwa mkasi wa manyoya, akalibandika kwenye friji kwa siku nne, na Alec akamtania, “Utakwenda Wellington ukae na maprofesa na gambuti zako?” naye akajibu, “Gambuti nitaziacha uwanja wa ndege. Akili nitaingia nayo.”

Kamati hiyo ilikuwa na watu tisa, na mwanamke aliyetaka kubebewa mimba na dada yake, au mume asiye na mbegu aliyetaka kusaidiwa na ndugu yake, hakuweza kuendelea bila faili lake kufika mezani kwao, wasome, waulize, waafiki au wakatae. Katika kikao cha kwanza daktari mmoja bingwa, katika kumkaribisha, alisema kwa mzaha kwamba sasa wamepata mama wa kondoo, na Verna akangoja kicheko kiishe, akasema, “Ni kweli, daktari. Nimepandikiza kondoo zaidi ya elfu arobaini, na hakuna mwana-kondoo hata mmoja aliyewahi kurudi kuniuliza baba yake ni nani. Hawa wenu watarudi.” Profesa Lindsay Crombie, aliyekuwa mwenyekiti na ambaye yuko nasi hapa leo, anasema kwamba tangu siku hiyo hakuna aliyerudia mzaha ule.

Alisoma kila faili mara mbili kwenye meza ya jikoni, na pembeni mwa kila moja aliandika swali lile lile kwa penseli, kwamba mtoto atajua nini, lini, na kutoka kwa nani, wenzake wakaliita swali la Verna, na wengine waliligunia, lakini mtu asidhani kwamba alikuwa mtu wa kukatalia watu, kwa maana mara nyingi zaidi alikuwa upande wa kukubali. Mwaka 1996, kamati iliposita juu ya mwanamke aliyetaka kumbebea mimba dada yake, kwa kuwa mwanamke huyo alikuwa hana mume, anafanya kazi ya kukata nyama kiwandani, na anaishi nyumba ya serikali, Verna aligonga meza, akasema umaskini si ugonjwa na haumo kwenye orodha ya mambo wanayopaswa kupima, na kwamba kama mwanamke huyo angekuwa mke wa daktari wangekuwa wamekwisha kunywa chai, na faili likapita siku hiyo hiyo.

Jambo tulilokuwa tumeliacha, naye akalirudisha, ni hili. Aliandika kwa mkono wake, “Semeni kwamba kuna mama aliyenilaumu, na alikuwa na sababu,” na hakuandika jina, kwa kuwa mambo ya mafaili hakuyatoa hata kwa Alec, lakini wiki iliyopita mama huyo, Bi Glenys Tulloch, alituandikia kutupa ruhusa ya kusoma jina lake na habari zake zote, na akamfungua mdomo Profesa Crombie atusimulie ya upande wa mezani.

Glenys na mumewe Roy walikuwa wakulima, na Roy aliugua matubwitubwi ukubwani, mbegu zikafa, hivyo mwaka 1999 waliomba mdogo wake Roy awasaidie, na mdogo mtu akakubali, mkewe akakubali, wote wanne wakatia sahihi, ila waliomba mambo mawili, jina la mdogo mtu lisiandikwe popote, na mtoto asiambiwe kamwe, kwa sababu baba mzazi wa akina Tulloch alikuwa mkali na wakati huo ndiye aliyekuwa na shamba. Kila mjumbe aliwaonea huruma, na Verna pia aliwaonea, lakini zamu yake ilipofika alisema hapana. Profesa Crombie akamwambia, “Verna, watu wazima wote wamekubali. Nani amekataa?” naye akajibu, “Sisemi amekataa. Nasema hajaulizwa. Na kwa kuwa hatuwezi kumuuliza, tusimfungie mlango kabla hajafika.” Wakaahirisha mwezi Februari, wakaahirisha Aprili, na kati ya vikao hivyo Verna aliwapigia simu wajumbe wote wanane, mmoja mmoja, kutoka kwenye simu ya zizi la kukatia manyoya, na kikao cha Juni kikaafiki ombi la akina Tulloch kwa sharti moja, kwamba jina liandikwe na mtoto aruhusiwe kulipata akiwa mtu mzima. Akina Tulloch wakakataa sharti, wakaondoa ombi lao.

Tarehe 21 Oktoba 1999, siku ya kukata mikia ya wana-kondoo, Glenys aliendesha gari kwa muda wa saa tatu hadi Kyeburn, kwa kuwa majina ya wajumbe hayakuwa siri, na habari za Verna, mwanawe na swali lake zilijulikana kwa wafugaji, akamkuta Verna uani, aproni imejaa damu, akamwambia mbele ya vibarua, “Ndiye wewe?” na Verna akajibu, “Ndiye mimi. Siruhusiwi kuzungumza faili la mtu yeyote, bibie, lakini chai naruhusiwa.” Glenys akasema, “Chai kanywe mwenyewe. Nina miaka arobaini. Wewe una mwanao, umempata bila kamati, bila mtu kukuuliza swali hata moja, halafu unanifungia mimi,” na Verna akaweka kisu chini, akasema, “Nilimpata na karatasi yenye uongo, na uongo huo ulimla miaka ishirini. Kama ungekuwa uongo wangu peke yangu ningeubeba.” Glenys akamwambia, “Basi utabeba wa kwangu. Utabeba ambaye hakuzaliwa,” akaingia garini, akaondoka.

Verna alimaliza mikia, kwa kuwa wana-kondoo hawangoji, lakini hakula siku mbili, na siku ya tatu aliandika barua ya kujiuzulu, akampa Alec aipeleke posta, na Alec akaiweka kwenye kiti cha gari na kuzunguka nayo hadi Jumatatu, kisha akairudisha mezani akasema, “Nimeshindwa kuipeleka. Kama umekosea, rudi ukarekebishe. Kama hukukosea, kwa nini unakimbia?” Verna akaichukua barua ile, akasema kwamba mtu akishasema neno zito halafu akatoroka, neno lenyewe linageuka kuwa tusi, akaitia kwenye jiko la kuni, akaenda Wellington mwezi uliofuata, na akaendelea kwenda miaka saba zaidi.

Akina Tulloch hawakuwasilisha ombi tena, na hawakupata mtoto. Sheria iliyotaka majina ya wanaotoa mbegu na mayai yawekwe kwenye rejesta, na watoto wapate haki ya kuyajua, ilipitishwa mwezi Novemba 2004, ikitokana na kazi ya watu wengi kwa miaka mingi, na Verna hakuwahi kudai kuwa yake hata kipande, siku hiyo alichofanya ni kumpigia Neil simu na kusema, “Wameandika,” akakata. Alistaafu kamati mwaka 2006, akarudi kwenye kondoo, bustani ya viazi, na kuwafundisha wajukuu kuendesha trekta kabla ya umri unaoruhusiwa.

Mwezi Februari 2023 alianza kuumwa tumbo na kupungua, akakataa kwenda hospitali mpaka majani makavu yaingizwe ghalani, na tarehe 20 Machi madaktari wa Dunedin wakampata na saratani ya kongosho, wakamweleza njia zote, naye akauliza maswali hadi daktari kijana akavuta kiti akakaa, kisha akasema anataka kurudi nyumbani, wala hataki kuongezewa siku ambazo hataweza kuzitumia. Kuanzia Julai alilazwa kwenye hospitali yetu hapa Ranfurly, kitanda cha dirishani kinachotazama mlima, na huko ndiko aliposahihisha maandishi haya, na huko alimwita msajili akamwagiza kwamba kwenye cheti chake cha kifo, mahali pa watoto, iandikwe kweli tupu, kwamba Neil alilelewa na yeye Verna na kuzaliwa na Lorna Mabon, na alipoambiwa fomu haina nafasi ya maneno hayo, akasema, “Basi andika pembeni, kijana. Pembeni pana nafasi siku zote.”

Jumatano moja ya Julai aliingia wodini mwanamke mwenye mvi, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, “Mimi ni Glenys. Nimesikia unaumwa. Sijakusamehe,” na Verna, ambaye siku hiyo sauti ilikuwa imeshuka, akamwambia, “Sikukuomba. Vua koti, ukae,” na Glenys akakaa. Alirudi Jumatano nne, wakaongea habari za kondoo, za Roy ambaye sasa miguu inamsumbua, za bei ya manyoya na upuuzi wa timu ya kijiji katika mawe ya barafu, na mara moja tu, Jumatano ya tatu, ndipo Verna alipomwambia, “Nimembeba, Glenys. Kila mwaka. Nilihesabu angekuwa na miaka mingapi,” na Glenys akamjibu, “Na mimi pia,” na muuguzi aliyekuwa mlangoni akarudi na dawa zake bila kuingia. Katika barua yake kwetu Glenys ameandika, nasi tunasoma kama alivyoandika, “Sijui hata leo kama alikuwa sahihi. Ninachojua ni kwamba kati ya watu wote walioamua juu yangu, ni yeye peke yake aliyenitazama usoni akaendelea kunitazama.”

Marehemu alifariki dunia Alhamisi, tarehe 17 Agosti 2023, saa nne asubuhi, Neil akimshika mkono mmoja na mjukuu wake Lorna akimshika wa pili, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili, ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake Hector, na mbwa wawili wasiomtii mtu mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Dunedin na wa hapa Ranfurly, na hasa yule daktari kijana aliyekaa, inawashukuru Profesa Crombie na wajumbe waliosafiri kutoka Wellington, chama cha madaktari wa mifugo kilichofunga milango leo, akina mama wa kanisa kwa mikate ya jibini iliyojaza jikoni, majirani wa Kyeburn waliowahamisha kondoo wake kutoka malisho ya juu kabla theluji haijashuka, na Bi Glenys Tulloch, aliyeketi safu ya tatu.

Tunajua kwamba wengi wenu kondoo wenu wameanza kuzaa wiki hii, na wengine mnatazama saa mkiwa na haya, basi msione haya, atakayehitaji kuondoka kabla ya mazishi aondoke, maana marehemu asingemwelewa mtu aliyemwacha jike peke yake kwenye baridi ili aje kusimama kando ya mtu ambaye hahitaji tena msaada.

Verna, mama yetu, umefanya ulichokuja kufanya, sasa kunjua mikono yako, upumzike kwa amani.